Siku Niliyomuua Bibi Yunisi kwa Maiki

Mwezi uliopita nilikabidhi maiki yangu. Hapakuwa na sherehe. Nilimpelekea fundi wa redio hapa Lyamkena, mtaa wetu wa Makambako, akaigeuzageuza, akaniambia kitu cha umri huu hakitengenezwi tena, kinapewa pole. Koo langu nalo limegoma. Daktari amenishauri nizungumze kidogo, na mke wangu anasema ushauri huo ameungoja tangu tufunge ndoa. Basi kwa kuwa mdomo umepewa likizo, nimeona mkono ufanye kazi, niwaandikie ninyi vijana mnaotafsiri filamu kwenye kompyuta, mmejifungia chumbani na hedifoni masikioni, mkikosea mnafuta na kuanza upya. Sisi tulikosea mbele ya watu, wakatucheka hapo hapo, na kesho yake tukakutana nao sokoni.

Kabla sijaenda mbali, niitoe siri moja ambayo Makambako nzima inaijua lakini ninyi hamjaisikia. Miaka yote hiyo niliyoitwa Mkalimani, Kiingereza sikijui. Kichina sikijui. Kihindi ninajua salamu tu, na hata hiyo huenda ikawa tusi. Ninajua Kiswahili cha shule na Kibena cha mama yangu. Niliwahi kununua kamusi, nikaanza kuisoma kama riwaya, nikafika herufi C nikachoka.

Nilianza kazi kwa sababu ya mvua. Nilikuwa kijana wa Njombe, nikipanga mbao kwenye malori, na siku hiyo lori letu lilikuwa limesimama Makambako kungoja mvua ipungue. Nikajibanza kwenye banda la video la Bwana Salum, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Kigoma na malori mawili na imani kubwa kwamba watu wakikaa kwenye benchi moja watanunua soda. Mbele ya televisheni alikaa mtafsiri wake, Mzee Kibwana. Siku hiyo alikuwa na kikohozi kibaya. Kila anapokohoa, filamu inakosa maneno, na mimi kule nyuma nikawa ninamsimulia jirani yangu kinachoendelea. Sikujua kwamba ninapaza sauti. Nilishtuka kuona benchi zote zimegeukia kwangu.

"Wewe mwenye kelele," Mzee Kibwana akasema kwenye maiki, "njoo mbele."

Nikajua ninafukuzwa. Badala yake akanipa maiki.

"Sema," akaniambia.

"Niseme nini, mzee?"

"Unachokiona."

"Na wanachosema wao?"

"Hicho utakijua ukishakisema."

Lori la mbao liliondoka bila mimi. Mpaka leo sijui nani alipanga zile mbao upande wa kushoto.

Mzee Kibwana alikuwa mpishi wa behewa la chakula kwenye treni kabla hajashuka Makambako na kukataa kupanda tena. Kiingereza chake alikiokota kwa abiria, kwa hiyo alijua kuku, samaki, mayai, chumvi na samahani. Filamu ambayo watu hawali chakula ilimpa taabu. Lakini alijua kazi, na mengi niliyokuwa nayo alinipa yeye. Alinifundisha kuvisha maiki kipande cha soksi, maana mwezi wa saba chuma kinakuwa cha baridi mpaka mdomo unaganda. Alinifundisha kunywa chai ya tangawizi bila maziwa, kwa sababu maziwa yanaleta makohozi. Alinikataza kukaa nikiwa nimewapa watu mgongo. Kiti chetu kilikaa upande, ili jicho moja litazame filamu na jingine litazame nyuso. "Filamu imeshatengenezwa," alisema, "haikuhitaji. Hawa ndio wanaokuhitaji."

Na kanuni yake kubwa kuliko zote ilikuwa hii: usinyamaze. "Ukinyamaza," alisema, "watu wanakumbuka kwamba benchi ni ngumu."

Halafu kuna ule utaratibu wa majina, ambao ninyi wa kompyuta mmeuacha, na mimi nasikitika kwa hilo. Watu wa kwenye filamu hatukuwaita majina yao. Nani angeyakumbuka? Tuliwapa majina ya watu wa mtaani. Nilikuwa na daftari dogo, kila asubuhi naandika nani atakuja leo, nani amepata mtoto, nani amenunua pikipiki. Steringi, yaani shujaa wa filamu, akiruka ukuta, namwita jina la dereva aliyekaa benchi ya tatu, na banda zima linapiga kelele. Adui hatukumpa jina la mtu aliye hai. Niliwahi kumwita jambazi mmoja kwa jina la muuza mkaa wetu, kwa utani tu, na kwa siku tatu mke wangu akapika kwa kuni mbichi. Kwenye filamu za mapenzi, wale wawili wakianza kusogezeana nyuso na wazee wapo, nilikuwa natangaza: "Hapa wanapeana pole ya msiba." Filamu nyingine zilikuwa na misiba mingi sana.

Basi ikafika ile shida.

Mzee Kibwana alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye niliyebaki na maiki. Wazazi wa Lyamkena wakaanza kulalamika. Watoto walikuwa wanatoroka shule kuja bandani, na wakirudi nyumbani wanapigana mateke ya hewani na kuvunja vyungu. Malalamiko yalikuwa ya kweli, siwezi kukataa. Hata wangu mwenyewe alivunja kioo. Aliyeongoza kina mama alikuwa Bibi Yunisi, mzee wa kanisa la Kilutheri, mjane mwenye shamba la viazi, mwanamke mfupi aliyevaa koti la marehemu mume wake mwaka mzima. Alikuwa na tabia ya kukutazama mpaka umalize kusema uongo wako, halafu akuulize swali moja.

Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa wakiwa na karatasi ya saini. Mwenyekiti akampa Bwana Salum wiki moja: aeleze banda lina faida gani, la sivyo lifungwe. Bwana Salum alikuwa na malori, angeishi. Mimi nilikuwa na mdomo tu. Banda likifungwa ningerudi kupanga mbao, na mgongo wangu ulikuwa umeshasahau namna ya kuinama.

"Tutawaalika waje waone wenyewe," Bwana Salum akasema. "Jumamosi mchana. Wazazi, wazee, watoto wao. Tutaweka kitu cha familia."

"Cha familia tunacho?"

Akatoa CD moja ambayo dereva wake aliileta kutoka Dar es Salaam. Kwenye kava palikuwa na nungunungu wanne wamesimama juu ya theluji, wanacheka.

"Katuni," akasema. "Mtoto anacheka, mama anacheka, bibi anacheka. Katuni haina matata, Mkalimani. Kwenye katuni hafi mtu."

Kumbukeni sentensi hiyo.

Ijumaa nikaitazama ili nijiandae. Ilikuwa nzuri kweli, lazima niseme. Familia ya nungunungu, baba, mama, binti mdogo na bibi, baridi kali imeunguza kila mzizi kwao. Bibi anakumbuka kwamba ng'ambo ya mlima kuna bonde lenye chakula, aliliona akiwa mtoto. Wanafunga safari. Nilifika pale wanapovuka mto juu ya gogo, umeme ukakatika. Nikangoja. Bwana Salum akatikisa jenereta, halikuwa na petroli. Nikaenda nyumbani nikalala. Nilichokuwa nimekiona kilitosha, na mimi nilikuwa na uzoefu. Kila mtu anajua steringi hafi. Bibi ndiye aliyekuwa anaongoza njia, kwa hiyo bibi ndiye steringi. Watafika bondeni, watakula, watacheza ngoma, mwisho.

Jumamosi banda likajaa mpaka watu wakakaa kwenye makreti ya soda. Kina mama wa kanisa walishika benchi ya mbele, makoti na vitenge juu ya makoti. Wazee wawili wa msikitini, rafiki zake Bwana Salum, walikaa karibu na mlango. Mwenyekiti wa mtaa aliletewa kiti chenye mto. Bibi Yunisi alikaa katikati kabisa, na mapajani alimpakata mjukuu wake Tumaini, mtoto wa miaka sita aliyekuja likizo kutoka Morogoro. Tumaini alikuwa wa huko kwa mama yake, Kibena hakukijua hata neno, na bibi yake alimsemesha Kiswahili cha polepole, kama anayesoma barua.

Nikapiga hesabu zangu za kijanja. Nani wa kumfurahisha hapa? Bibi Yunisi. Basi bibi wa kwenye filamu ataitwa nani?

"Wapendwa watazamaji," nikaanza, "huyu mnayemwona mbele, mwenye miba myeupe kwa busara, ndiye steringi wetu wa leo. Anaitwa Bibi Yunisi!"

Banda likalipuka. Kina mama wakagongana viganja. Bibi Yunisi mwenyewe alikaza uso, lakini niliona mabega ya lile koti yanatikisika. Yule binti nikamwita Tumaini, na Tumaini wa kweli akasimama mapajani kwa bibi yake akapunga mkono. Baba nungunungu nikampa jina la Bwana Salum, kwa sababu alikuwa mnene na anapotea njia.

Tulianza kwa mgogoro mdogo. Nungunungu walipochimbua viazi kwenye shamba la mtu, mzee mmoja wa nyuma akasimama: "Hao hao! Hao ndio waliomaliza viazi vyangu, halafu tunakaa hapa kuwashangilia?"

"Kaa, baba," nikamwambia kwenye maiki, "hawa ni wa Ulaya, wako njiani wanapita."

"Hata wangu walisema hivyo hivyo!"

Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho. Theluji ilipoanguka nikasema ni sakitu, ile ya kwetu inayounguza viazi, ila hii imezidi kipimo, na watu wa Njombe waliokuwepo wakaguna kwa kuielewa. Chui alipowazingira, bibi nungunungu akamgeuzia mgongo, akasimamisha miba, chui akaondoka na pua imevimba. "Bibi Yunisi ameamua!" nikapaza sauti, na wazee wa msikitini nao wakapiga makofi. Nilitazama nyuso, kama nilivyofundishwa. Watoto, mama zao, wazee, wote walikuwa kule mlimani na nungunungu. Nikajua banda limepona.

Wakavuka mto juu ya gogo. Kuanzia hapo, mimi na watazamaji tulikuwa sawa: hakuna aliyejua kinachokuja.

Bibi nungunungu akaanza kubaki nyuma. Theluji ikazidi. Akakaa chini ya mwamba, akamwita mjukuu wake, akamwambia maneno marefu kwa sauti ndogo. Nikatunga kitu kuhusu kupumzika. Halafu akalaza kichwa. Muziki ukapungua. Baba nungunungu akamsogelea, akamgusa, akarudi nyuma akaficha uso.

Vijana, mimi nilikuwa nimempa yule mnyama jina la mama mzima, mwenye afya yake, aliyekaa hatua mbili mbele yangu. Ninyi mnajua kwetu maana yake nini kutangaza kifo cha mtu aliye hai, tena mzee, tena mbele ya mjukuu. Huo ni uchuro. Hakuna soda inayousafisha.

Na kanuni ya Mzee Kibwana ikanijia sikioni: usinyamaze.

"Bibi Yunisi amechoka," nikasema. "Amejilaza kidogo."

Kwenye televisheni wakaanza kuokota mawe.

"Wanamtafutia... wanamfunika. Asipate baridi."

Jiwe moja. Jiwe la pili. Mama nungunungu analia, machozi makubwa kama maembe, maana katuni haijui kulia kidogo.

"Wanalia kwa furaha, kwamba atapata usingizi mzuri."

Hakuna aliyecheka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebakiza jiwe moja. Lilipowekwa kichwani, Tumaini akageuka, akamshika bibi yake mashavu yote mawili, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Bibi, umekufa?"

Mama mmoja wa benchi ya mbele akasimama. "Huu ni uchuro! Mmetuita hapa mtuchurie mzee wetu?" Mwingine akaanza kukusanya watoto. Mwenyekiti akainuka kwenye mto wake, na uso wake haukuwa tena wa mtu aliyekuwa akicheka. Bwana Salum alivua kofia yake akajifunika nayo macho. Nami nilishika maiki yenye soksi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua sikuwa na neno.

Bibi Yunisi hakuinuka. Aliinua mkono tu, na kina mama wakakaa.

"Simamisha hiyo mashine," akasema. Nikaisimamisha. "Mkalimani. Nimekufa au sijafa?"

"Bibi, shikamoo, mimi nilikuwa..."

"Sikukuuliza hali. Macho ninayo, na huyu mtoto anayo. Nimekufa au sijafa?"

"Umekufa, Bibi," nikasema.

Watu wakaguna. Yeye akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya haki.

"Haya. Kama nimekufa, sema nimekufa. Mtoto ameuliza, ajibiwe. Sasa niambie, kabla sijafa nilimwambia nini huyu mjukuu wangu? Nimeona mdomo wangu unacheza muda mrefu."

Nilitazama nyuso. Wote walikuwa wananingoja mimi, na safari hii hakuna aliyengoja kuchekeshwa.

"Sijui, Bibi," nikasema. Maiki ilikuwa bado inawaka, kwa hiyo nilikiri kwa spika mbili. "Kiingereza sikijui. Sijawahi kukijua. Na filamu hii sikuitazama mpaka mwisho."

Huko nyuma yule mzee wa viazi akasema, "Nilijua tu," lakini hakuna aliyemjali.

Bibi Yunisi akamteremsha Tumaini, akaja mpaka kwenye kiti changu. Mfupi vile, nikiwa nimekaa tulilingana. Akaniambia, "Rudisha nyuma mpaka pale ninapomwita." Nikarudisha. Akaichukua maiki, akaitazama ile soksi kwa mashaka, akaisogeza mbali na mdomo. Bibi nungunungu alipofumbua kinywa, Bibi Yunisi naye akaanza, kwa kile Kiswahili chake cha polepole:

"Tumaini, sikiliza. Mimi ninakufa. Safari yangu inaishia hapa, yako bado. Usikae hapa kunilinda, baridi itakukuta na wewe. Lia mpaka utosheke, halafu nenda. Chakula kiko mbele."

Sijui yule mnyama alisema nini kwa Kiingereza. Lakini maneno yaliisha pale pale mdomo ulipofungwa. Kisha Bibi akanirudishia maiki, na nilipotaka kuendelea kusema, akaniwekea kidole mdomoni. Tukawatazama nungunungu wakiweka mawe, kimya, banda zima. Hakuna aliyekumbuka kwamba benchi ni ngumu. Mmoja wa wazee wa msikitini alikuwa akilia wazi, na mwenyekiti alikuwa akisafisha miwani isiyokuwa na uchafu.

Nungunungu walifika bondeni. Yule binti alikula kiazi cha kwanza, watu wakashangilia, hata mzee wa viazi.

Nje, mwenyekiti akamgeukia Bibi Yunisi. "Sasa, Bibi, tunafunga?"

"Libaki," akasema. "Saa za shule mtoto asiingie. Jumamosi mchana watuwekee hizi za familia. Na huyu," akaninyooshea kidole, "filamu ataitazama mpaka mwisho kabla hajafungua mdomo. Asichokijua aseme hakijui."

Ndivyo Jumamosi za katuni zilivyoanza Lyamkena, na zilidumu mpaka kila nyumba ilipopata televisheni yake. Watu walikuja na watoto wao hata kutoka Njombe mjini. Nilikuwa nasema, "Hapa sijasikia vizuri, nani amesikia?" na wanafunzi wa sekondari wanagombania kunisaidia. Kumbe watu wanapenda zaidi mkalimani asiyejua. Bibi Yunisi alikuja kila Jumamosi isiyokuwa ya kupalilia, na nilipomkuta njiani nilimwamkia, naye alijibu, "Marahaba, muuaji wangu."

Baadaye zikaja flashi, zikaja simu, mkaja ninyi. Banda sasa ni ghala la kupangia maparachichi, na siwalaumu watu, parachichi halihitaji umeme. Niliendelea kutafsiri harusini na kwenye mabanda ya vijijini mpaka koo lilipokataa. Nilidhani nimeshamaliza.

Mwaka huu, miezi michache kabla ya kukabidhi maiki, nilipigiwa simu na mtoto wa Bibi Yunisi, baba yake Tumaini. Bibi alikuwa amelazwa Njombe. Kiharusi kilimpiga upande mmoja na kikamwondolea Kiswahili chote, kikamwachia Kibena. Anasikia kila kitu, akaniambia, lakini akijibu ni Kibena tupu. "Na anakutaka wewe. Tangu jana anasema mleteni yule mwongo wa video."

Nilifika asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye madirisha ya wodi. Tumaini alikuwa amekaa kando ya kitanda, msichana mkubwa sasa, mkono wa bibi yake ndani ya mikono yake miwili. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi huko Mbeya, na kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kuripoti. Begi lake lilikuwa chini ya kitanda. Alikuwa ameapa haondoki.

"Kila nikimuuliza baba bibi anasema nini," akaniambia, "anasema bibi anajisikia nafuu."

Baba yake alitazama dirishani. Nilimwelewa. Hata mimi niliwahi kumfunika mtu kwa mawe nikasema asipate baridi.

Bibi Yunisi alinitazama kwa jicho lile lile. Nikamsalimia kwa Kibena, "Kamwene." Akaanza kusema, polepole, upande mmoja wa mdomo. Nilisogeza sikio. Sikuwa na chai ya tangawizi wala daftari, na hapakuwa na jina la kubandika. Majina yote yalikuwa yameshakaa mahali pake. Alipofika mwisho akangoja.

"Kasema nini?" Tumaini akauliza.

Baba yake akanigeukia, macho yananiomba. Nami nilikuwa na maneno tele ya kumpa, mazuri, matamu, kazi yangu ya maisha ilikuwa hiyo.

"Anasema anakufa," nikasema.

Tumaini akainama. Bibi akanigusa kwa kidole: endelea.

"Anasema safari yake inaishia hapa, yako bado. Anasema usikae hapa kumlinda. Lia mpaka utosheke, halafu nenda. Chakula kiko mbele."

Alilia mpaka akatosheka, na tulimngoja. Nilitaka sana kusema kitu. Nilinyamaza. Kisha akavuta begi lake, akambusu bibi yake kwenye paji la uso, nami nikamsindikiza mpaka stendi. Bibi Yunisi alizikwa wiki iliyofuata, Tumaini akiwa darasani.

Watu wamenipa jina la Mkalimani maisha yangu yote, na sikulikataa. Lakini kutafsiri, vijana wangu, nimetafsiri mara moja tu, asubuhi ile, wodi ya wanawake, Njombe.